Wadau wa Mbozi, Mbeya na Kyela: hivi hela ya kutoa mchanga bandarini huwa inatoka fungu gani?

Kahawa_Mlowo (mwanzisha uzi)

Wadau habari za jioni, poleni na baridi. Mimi ni mkulima huku Mbozi na nasaidia hesabu za chama chetu cha kahawa. Miaka michache nyuma tulipata mnunuzi wa moja kwa moja Marekani, kontena moja, magunia 320 ya kilo 60. Sasa wanachama walikuwa wananung'unika kwamba jamaa anatupunja, jamaa naye akachoka akatutumia mchanganuo wa gharama zake zote, kila senti. Kwenye ushuru wa forodha kwa kahawa mbichi kulikuwa na sifuri. Chini yake ndo kuna mstari ulionishika, dola 100 za ada ya matunzo ya bandari. Mzigo wetu ulikuwa na thamani ya dola 80,000, kwa hiyo ni asilimia 0.125, dola 1 na senti 25 kwa kila dola 1,000.

Nikamuuliza hii nayo nini, akasema hiyo ni hela ya kuchimba mchanga ili meli zisikwame, halafu akaongeza kwa hasira kwamba wamelipa miaka na miaka na mchanga ulikuwa hauchimbwi. Nikasema ngoja nifuatilie maana mimi kwetu mama ni mtu wa Kyela, stori ya mchanga naijua toka mdogo.

Kumbe wenzetu walitunga sheria mwaka 1986 wakaanzisha kodi na mfuko wake kwa pamoja. Mzigo ukishuka bandarini mwenye mzigo analipa kulingana na thamani, forodha wanakusanya, hela inaingia kwenye mfuko wenye jina la matunzo ya bandari, na wanaochimba ni wahandisi wa jeshi, U.S. Army Corps of Engineers. Walianza na asilimia 0.04, mwaka 1991 ikapanda mpaka hiyo 0.125 ya leo. Mwaka 1998 mahakama yao ya juu ikasema kodi hii kwa mizigo inayotoka nje ya nchi ni batili kwa sababu katiba yao inakataza kutoza kodi bidhaa zinazouzwa nje, kwa hiyo anayeingiza ndo analipa na anayetoa anapita bure kwenye kina hicho hicho cha maji.

Mpaka hapo mimi nikaona safi kabisa, hela ina jina lake, ina kazi yake. Sasa sikilizeni kilichotokea. Kufikia mwisho wa miaka ya 2010 mfuko ulikuwa na bakaa ya zaidi ya dola bilioni 9. BILIONI TISA. Na wakati huo huo bandari zao nyingi hazina kina wala upana zilizopangiwa, meli zinapunguza mzigo ili zipite. Hela ipo, mchanga upo, havikutani. Nani anaweza kunieleza hii inawezekanaje kabla sijaleta nilichokipata mimi? Maana na sisi huku kila mtu anasema dawa ni mfuko maalum.

Dereva_wa_TDM

Hahaha mkuu umeuliza swali gumu usiku huu nipo foleni Tunduma sijui nitavuka lini. Inawezekana kwa sababu hela ya serikali haina tabia ya kukaa. Naweka kambi hapa

Kakao_Kyela

Kaka Kahawa salamu kutoka bondeni, huku kwetu joto hamna baridi.

Sitaingia Marekani, nitaongea ya huku. Mito yote hii unayoijua, Kiwira, Mbaka, Lufilyo, Songwe, inateremka kutoka milimani huko kwenu na Rungwe na Ileje, na kila masika inashusha udongo wa mashamba yenu ziwani, ndo maana nawaambiaga watu wa juu nyie mnalima mteremko halafu sisi tunapokea bili. Mwaka juzi nilikuwa na mzigo wa saruji ya Songwe nampelekea mtu ng'ambo Malawi. Tumefika bandari moja ya ziwani, siitaji, tukaambiwa chombo hakiwezi kujaza kwa sababu kikijaza kinagusa chini, pakia nusu. Nusu ya mzigo kwa nauli ambayo nilishaipigia hesabu ya mzigo mzima! Nyingine imekaa ghalani siku 11, mifuko ya chini ikaanza kuganda, na unajua saruji ikishaganda imeshakuwa jiwe, utaigonga kichwa. Namuuliza kijana wa pale mnachimba lini, ananiambia mzee tunasubiri bajeti. Bajeti ipi? Ananiangalia tu.

Ndo maana mimi nasema tutenge hela ya mchanga iwe ya mchanga, asiiguse mtu.

Mhasibu_Mstaafu

Wanangu, nimefanya kazi za vitabu vya serikali maisha yangu yote, nipo Iringa sasa nalima nyanya. Ngoja niseme ya hapa kwanza.

Katiba yetu ibara ya 135 inasema mapato yote ya serikali yanaingia kwenye mfuko mmoja, Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali. Ibara hiyo hiyo imeacha mlango, isipokuwa yale ambayo sheria imeyatenga kwa matumizi maalum. Ibara ya 136 inasema kwenye Mfuko Mkuu hakitoki kitu mpaka kiwe kimeidhinishwa na katiba yenyewe au na sheria ya Bunge. Kwa hiyo kijana aliyekuangalia pale ghalani hakuwa na dharau, alikuwa anasema ukweli. Hela kama haikuandikwa kwenye kasma, yaani mstari wake wa bajeti, hakuna wa kuitoa hata kama mchanga umefika mlangoni. Na mwaka wetu wa fedha unaisha Juni 30, fungu la Hazina ambalo halijatumika linarudi. Mvua zenyewe zinamwaga udongo mpaka Mei. Ukija kupima kina na kutafuta mkandarasi, kalenda imeshakutupa.

Bandari wana mamlaka yao, TPA, imeanzishwa kwa sheria ya 2004, inakusanya tozo zake yenyewe na ina bajeti yake, si idara ya wizara. Lakini nayo ni shirika la umma, sheria ya Msajili wa Hazina inataka mashirika ya umma yachangie asilimia 15 ya mapato ghafi kwenye Mfuko Mkuu. Ghafi, sio faida. Mnaona hesabu inavyokwenda.

Sasa swali la Kahawa. Jibu ni neno moja ambalo mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha bajeti cha halmashauri analijua. UKOMO.

Kahawa_Mlowo

Mzee shikamoo! Umeigonga kwenye mshono. Ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha juu cha matumizi ambacho hakivukwi, ndo nilichokikuta.

Iko hivi. Hela inaingia mfukoni kwa lazima, kila kontena linapita linalipa. Lakini KUTOKA haitoki yenyewe, lazima Bunge lao liidhinishe kila mwaka, kupitia kamati ndogo inayoshughulika na nishati na maji. Hiyo kamati inapewa ukomo wake. Na kila dola ya kuchimba mchanga ilikuwa inahesabiwa ndani ya ukomo, ingawa imetoka kwenye mfuko wake na mwenye mzigo alishalipa. Kwa hiyo ukitaka kuongeza bandari inabidi ukate mabwawa, ukate kinga za mafuriko, ukate utafiti wa nishati. Hakuna mbunge anakata bwawa la jimboni kwake ili bandari ya mwenzake ichimbwe.

Ni kama mama ana kibubu cha ada ya mtoto, kila siku anatumbukiza buku, kimejaa. Lakini baba kaweka sheria kwamba matumizi ya nyumba hii kwa wiki yasizidi elfu 50, jumla, na ada ikiwemo. Kwa hiyo ukitoa ada mnalala njaa. Mtoto anarudishwa nyumbani na kibubu kipo juu ya kabati kimejaa. Na baba anajisifu kijiweni kwamba nyumba yake haina matumizi makubwa!

Hilo la kujisifu si utani, maana hela isiyotumika ilikuwa inakopeshwa Hazina kwa karatasi, mfuko unabaki unaidai serikali, na kwenye vitabu vya jumla nakisi, lile pengo la mapato na matumizi, inaonekana ndogo. Yaani kuna mtu alikuwa anafaidika na mchanga kutochimbwa.

Dereva_wa_TDM

Duh baba huyo namjua 😂

Ila mkuu nauliza, huku sisi si tunalipa kwenye mafuta? Mimi nikijaza tenki Igawa kuna hela ya barabara humo, kuna ya maji, ya umeme vijijini, na ile shilingi 100 kwa lita waliyoongeza 2021 kwa ajili ya barabara za TARURA. Sasa mkiongeza na ya mchanga nani atalipa, maana najua jibu, ni mimi, au bei ya mzigo inapanda mama ntilie pale Mlima Nyoka anaongeza bei ya wali

Mhasibu_Mstaafu

Dereva umesema jambo zito kwa utani. Mfuko wa Barabara ndio mfano wetu wa karibu. Kabla yake barabara zilikuwa zinasubiri Hazina kama sisi tunavyosubiri mvua. Ilipotengwa tozo ya mafuta na kuwekewa bodi, matengenezo yakapata chanzo cha kila mwezi, wanagawana TANROADS na TARURA. Reli nayo toka 2015 ikapewa tozo yake, ilianza na asilimia 1.5 ya thamani ya mzigo unaoingizwa kwa matumizi ya ndani. Ukiiangalia hiyo ya reli ni ndugu kabisa wa ile dola 100 ya Kahawa, tofauti kiwango tu, yetu kubwa mara 12.

Lakini nawapa tahadhari kama mtu aliyekaa upande wa pili wa meza. Kila mtu akipewa kibubu chake, Waziri wa Fedha anabaki na mishahara na madeni tu mkononi. Ukitokea ukame hawezi kuhamisha hela ya mchanga kununua mahindi. Mimi siungi mkono mfuko mpya, na si kwa sababu siipendi Kyela, mke wangu ni wa Ipinda.

Binti_Tukuyu

Shikamoo mzee, na wengine habari zenu. Mimi niko upande wenu ila naomba nichokoze. Mnataka hela ya Dar ije Nyasa si ndio? Maana tuseme ukweli, mapato ya bandari nchi hii yanatoka Dar kwenye mzigo wa Zambia na Kongo, malori yote haya yanayotubana Uyole. Pale Dar wameongeza kina gati namba 1 mpaka 7 kufika mita 14.5 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na kila mtu aliona maana yake maana meli zinapanga foleni. Sasa mtu wa Dar akiuliza kwa nini hela yangu ikachimbe mchanga wa tishari moja huko Kyela linalokuja kwa wiki mara ngapi sijui, mtamjibu nini? Hao Marekani hawana ugomvi huo?

Kahawa_Mlowo

Dada Tukuyu wanao tena mkubwa kuliko wetu!

Los Angeles na Long Beach ndo zinapokea makontena ya China, kwa hiyo zinachangia mno, ila zina kina cha asili, mchanga hauwasumbui, wanarudishiwa kidogo sana. Seattle na Tacoma wao wana kilio kingine, mzigo ukishukia Kanada, Vancouver au Prince Rupert, halafu ukaingia Marekani kwa treni, haulipi kabisa hiyo kodi, kwa hiyo wanaona kama wanatozwa ili mteja akimbilie kwa jirani. Hapa mtu wa Dar ataelewa haraka akikumbuka bandari za Msumbiji, Beira na Nacala, huyo Mmalawi akiona Dar ghali anageuza njia.

Na upande wa pili wako vibandari vidogo, vya wavuvi na vya maziwa. Hawa kwa hesabu ya tani hawawezi kushinda kikao chochote.

Sasa walichofanya, na hapa ndo nilitaka tufike. Kwanza mwaka 2014 waliweka malengo kwenye sheria kwamba kila mwaka watumie sehemu kubwa zaidi ya makusanyo mpaka ifike yote 2025. Malengo tu, ukomo ukabaki pale pale, kwa hiyo mwendo ukawa wa kinyonga. Machi 2020 kwenye ile sheria ya msaada wa korona wakachomeka kifungu kwamba hela ya mfuko huu, kwa kiasi kinacholingana na makusanyo, isihesabiwe tena ndani ya ukomo. Kifungu kimoja! Miaka 30 na ushee wanalia na mfuko, kumbe tatizo lilikuwa kwenye namna ya kuhesabu. Desemba 2020 wakaongeza sheria nyingine kuruhusu na ile bakaa ya zamani itoke kidogo kidogo, kuanzia dola milioni 500 kwa mwaka wa 2021, inapanda hadi bilioni 1.5 mwaka 2030.

Na kwenye hiyo hiyo ya Desemba wakaandika mgawo. Angalau asilimia 15 kwa bandari ndogo zinazopitisha chini ya tani milioni moja kwa mwaka. Asilimia 13 kwa maziwa yao makuu. Asilimia 12 kwa zile zinazochangia sana na kupata kidogo, kina Los Angeles, wapoe roho. Umeona dada, hawakumaliza ugomvi kwa kuhubiriana uzalendo, waliuandikia asilimia.

Lupingu_Boy

15% kwa bandari ndogo?? huku Ludewa tungekuwa mbali. Mimi bibi yangu ni Mkisi, anafinyanga vyungu, vinapelekwa Matema mnadani kwa mtumbwi kwa sababu ndo usafiri wetu wa uhakika. Meli ikija watu wanajaa ufukweni kama sikukuu. MV Mbeya II ilipoanza tulishukuru kwa kweli, abiria 200 na tani 200 za mzigo, lakini meli nzuri bila pa kuegesha ni kama kununua tivii nyumba haina umeme. Mvua ikinyesha chungu kinapanda mtumbwi kwa mikono kinashuka kwa mikono, vikivunjika vitatu safari imekula faida

Kakao_Kyela

Lupingu Boy umenigusa. Na matishari yale mawili, Ruvuma na Njombe, kila moja limejengwa kwa tani 1,000. Sasa chombo cha tani elfu ukikipitisha kwenye kina cha mtumbwi, hiyo hela ya kununulia umeshaitupa nusu ziwani. Huwa nashangaa, kununua chombo kipya kuna sherehe, kuna utepe na kwaya, kuchimba mchanga hakuna utepe wa kukata. Utakata utepe wa nini, wa shimo lililo chini ya maji?

Mzee Mhasibu mimi nakuheshimu lakini mfuko bado nautaka.

Mhasibu_Mstaafu

Nisome vizuri mwanangu. Mfuko ndio ambao Marekani walikuwa nao toka 1986 na haukuwasaidia mpaka walipogusa ukomo na mgawo. Ukiunda mfuko leo halafu ukaacha ukomo ulivyo, utakuwa umemjengea mchanga wako benki.

Na kwetu huhitaji hata kuunda. Chombo kipo, ni TPA, makusanyo yapo, gati mnajengewa, ile ya Mbamba Bay ujenzi ulishaanza. Kinachokosekana ni kanuni ya matunzo. Kwamba katika tozo zake, kabla ya kupeleka mchango Hazina, sehemu fulani imekatwa kwa ajili ya kina cha maji, na katika sehemu hiyo maziwa yote matatu yana fungu lisilopungua kiasi fulani. Iandikwe, na isirudi Juni 30 bali ivuke mwaka, kwa sababu mchanga hausomi kalenda ya Hazina. Hilo linaingia kwa marekebisho ya sheria, kifungu kimoja au viwili, halihitaji bodi mpya, magari mapya wala mkurugenzi mkuu.

Binti_Tukuyu

Hapo mzee nimekuelewa zaidi ya wote. Ila kifungu cha kukata kabla ya mchango, Hazina watakubali kweli? Hiyo asilimia 15 ya ghafi si ndo wanaitegemea

Mhasibu_Mstaafu

Watakataa mara ya kwanza. Ndiyo kazi yao, nami nilikuwa nakataa.

Dereva_wa_TDM

Nimevuka jamani!! Niko Nakonde. Endeleeni mtandao ukikata ndo basi

Lupingu_Boy

Safari njema bro. Wazee sasa sisi wa chini tunaanzia wapi, mbunge?

Mhasibu_Mstaafu

Mbunge sawa, ila usimpelekee kilio, ana vilio vingi. Kila mwaka kabla ya Bunge kupitisha Sheria ya Fedha mwezi Juni, Kamati ya Bajeti huwa inaita wadau watoe maoni ya maandishi au wafike wenyewe. Wanaokwenda ni wenye viwanda na mabenki na vyama vya mawakala wa forodha, ndio maana mnaona sheria inawafaa. Sijawahi kuona mwenye saruji iliyoganda.

Kakao, ukiandika usiandike bandari yetu imesahaulika. Andika mwezi gani, kina cha maji mita ngapi, chombo cha tani ngapi kilipakia tani ngapi, mzigo uliobaki ulikaa siku ngapi na ukaharibika wa thamani gani. Ukurasa mmoja. Mtu wa Hazina akiona namba anasimama, akiona machozi anafungua ukurasa wa pili.

Kahawa_Mlowo

Mzee mimi nitaweka na ule mchanganuo wa mnunuzi wetu, nifute majina. Waone mstari wa dola 100 ulivyo.

Kakao_Kyela

Ndaga fijo mzee. Siku 11 ninazo, risiti ya ghala ninayo. Mifuko iliyoganda ilikuwa 64, mingine bado ipo nyuma ya nyumba watoto wanaikalia. Kina sikupima, ila nahodha wa siku ile namfahamu, ana daftari anaandika kila safari. Kesho asubuhi naenda kwake Itungi kabla hajaondoka, nikipata namba nazileta hapa hapa.